Majengo ya maktaba za umma yanachakaa: fedha za kuyajenga upya zitoke wapi, na za kuyatunza zifungwe vipi?

Msomaji wa Banda (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa,

Hoja hii nimekaa nayo moyoni kwa muda mrefu. Aliyewahi kupita katikati ya jiji la Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia, bila shaka ameliona jengo la Maktaba ya McMillan, lenye nguzo kubwa na sanamu za simba wawili kando ya ngazi. Lilifunguliwa mwaka 1931. Lady Lucie McMillan alilijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925 na kuzikwa Ol Donyo Sabuk, na sehemu ya fedha za ujenzi ilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York. Kwa zaidi ya miaka 25 ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo akasoma. Kisha likaja mikononi mwa Baraza la Jiji, pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara upande wa Eastlands, na leo yote matatu yako chini ya Kaunti ya Nairobi.

Nimelichagua jengo hili kwa sababu historia yake inaonyesha jambo ambalo tukizungumzia fedha za maktaba huwa tunaliruka. Fedha ya kujenga ilipatikana mara moja, kwa mkupuo, kutoka kwa mjane mwenye uwezo na shirika la wafadhili. Sheria nayo ilipatikana: Maktaba ya McMillan ina sheria yake mahususi, Sura ya 217 ya Sheria za Kenya, iliyotungwa mwaka 1938. Jina, ardhi na heshima ya jengo vyote vililindwa. Hata hivyo jengo lilichakaa miaka ikipita, na matawi yake mawili yakachakaa zaidi, kwa sababu ulinzi wa kisheria na fedha ya kila mwaka ya kuziba paa ni vitu viwili tofauti.

Mwaka 2018 Kaunti ya Nairobi iliingia makubaliano na Book Bunk, taasisi iliyoanzishwa mwaka mmoja kabla na Wakenya wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, ili zikarabatiwe maktaba zote tatu. Kilichonigusa mimi ni mpangilio wa kazi. Hawakuanza na jengo la nguzo kubwa lililo katikati ya jiji, ambalo kila mfadhili angependa kupigwa picha mbele yake. Kaloleni ndiyo iliyotangulia, ikafuatwa na Makadara, yaani maktaba ndogo zilizo ndani ya mitaa ambamo watoto wanaishi katika vyumba visivyo na meza ya kufanyia kazi za shule. Aliyeanza na dogo anapata kujua gharama halisi ya fundi, ya rafu na ya nyaya za umeme kabla ya kuligusa kubwa, na mfadhili wa baadaye anaonyeshwa kazi iliyokamilika badala ya mchoro.

Pamoja na sifa hizo, nina wasiwasi ambao ningependa tuujadili kwa uzito. Taasisi ya kiraia inaweza kuchangisha fedha ya ukarabati. Je, ni nani atakayelipa mwaka wa sita, mwaka wa kumi na mwaka wa ishirini, wakati mkataba utakapokuwa umekwisha na mifereji ya paa itakapokuwa imeziba tena kwa majani?

Andrew Carnegie, ambaye shirika lake lilichangia jengo letu, alikuwa ameliona swali hili tangu karne ya 19. Kati ya mwaka 1883, ilipofunguliwa maktaba ya kwanza katika mji aliozaliwa wa Dunfermline huko Uskoti, na mwaka 1929, fedha zake zilijenga maktaba 2,509 duniani, na kati ya hizo 1,689 ziko Marekani. Hakuwa akitoa fedha kwa kila aliyeomba. Mji ulipaswa kwanza kutoa kiwanja, kisha halmashauri ipitishe azimio la kutenga kila mwaka, kutoka katika kodi, kiasi kisichopungua asilimia 10 ya fedha ya ujenzi kwa ajili ya vitabu, mishahara na matunzo. Mji uliopewa dola 10,000 ulijifunga kutoa dola 1,000 kila mwaka. Sharti hilo ndilo ninalolitafuta katika mikataba yetu ya leo, na silioni.

Naomba michango yenu, hasa kutoka kwa wataalamu wa majenzi na wakutubi.

Mkadiria

Nakushukuru, ndugu mleta uzi. Mimi ni mkadiria majenzi, na nimewahi kuitwa kupima majengo ya umma kadhaa ya enzi hizo, kwa hiyo nitajibu upande wa kazi yangu.

Watu wakisikia ukarabati wa maktaba hufikiria rangi, vigae na samani. Mimi hufikiria maji. Katika majengo ya kale niliyoyakagua, uharibifu mwingi huanzia juu: mfereji wa paa umeziba, maji yanarudi ndani ya ukuta, mbao za kenchi zinaoza, dari inashuka, kisha unyevu unaleta ukungu kwenye vitabu na mchwa kwenye rafu. Kusafisha mifereji kabla ya mvua za masika na za vuli ni kazi ya vibarua wawili kwa siku moja. Isipofanyika kwa miaka 10, unaitwa mkandarasi wa kubomoa dari nzima. Halmashauri nyingi zina uwezo wa kulipa gharama ya kwanza na hazina uwezo wa kulipa ya pili, na bado huishia kwenye ya pili, kwa kuwa ya kwanza haina fungu lake katika kitabu cha bajeti.

Jambo la pili ni uzito. Vitabu ni mzigo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Viwango vya Marekani vinavyotumika sana na wahandisi hutaka sakafu ya chumba cha rafu za vitabu ihimili takriban kilo 730 kwa kila mita ya mraba, ilhali sakafu ya ofisi hutakiwa kuhimili takriban kilo 245, na chumba cha kusomea kama kilo 290. Kwa hiyo viongozi wanaposema kwamba ni nafuu kuhamishia maktaba katika jengo la ofisi lililo tupu, ghorofa ya pili, naomba waulizwe kama mhandisi ameipima sakafu hiyo. Nimeshuhudia mahali fulani, ambapo sitapataja, rafu zikipangwa ukutani pande zote na katikati kuachwa wazi kwa hofu ya nyufa. Nusu ya nafasi iliyolipiwa ikawa haitumiki.

Kuhusu kiasi cha kutenga kila mwaka: ripoti ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ya mwaka 1990 ilishauri kwamba mwenye majengo ya umma atenge kati ya asilimia 2 na 4 ya gharama ya kulijenga upya jengo hilo, kila mwaka, kwa matunzo na marekebisho. Tuchukue mfano tu: ikiwa kulijenga upya jengo fulani kungegharimu shilingi milioni 200, basi shilingi milioni 4 hadi 8 kwa mwaka ndizo zinazohitajika ili lisirudi nyuma. Tofautisha hili na asilimia 10 ya Carnegie, iliyojumuisha vitabu na mishahara pia.

Na kabla ya yote hayo, kuwe na ripoti ya hali ya jengo. Mhandisi, mkadiria na fundi umeme waingie, wapande darini, wafungue masanduku ya umeme, waandike kila kasoro na gharama yake, na waipange kwa uharaka: kile kinachoweza kuua mtu, kisha kile kinachoingiza maji, kisha kile kinachomzuia mwenye kiti cha magurudumu kuingia, na mwisho kabisa kile kinachoudhi macho. Bila karatasi hiyo, mfadhili atachagua anachokipenda yeye, na mara nyingi atachagua rangi.

Mlipakodi wa Wadi

Nimesoma michango yote miwili kwa makini, na nakubali kwamba imeandikwa kwa ujuzi. Hata hivyo lazima mtu aseme upande wa pili. Katika wadi yangu zahanati ina siku ambazo haina dawa, na barabara ya kuelekea sokoni haipitiki wakati wa mvua. Mwakilishi wetu akisimama leo na kusema ametenga mamilioni kwa ajili ya kuziba paa la maktaba, wananchi watamwuliza kama amepoteza akili. Isitoshe, vijana wanasoma kwenye simu. Kuna haja gani ya kumwaga fedha katika mawe ya wakoloni, tena jengo ambalo babu zetu walikatazwa kuingia? Sisemi hivi kwa dharau. Nauliza kwa sababu hili ndilo swali mtakaloulizwa kwenye mkutano wa hadhara, na kama hamna jibu, hoja nzima itakufia hapo.

Mkutubi Mstaafu

Ndugu Mlipakodi, swali lako ni la haki na nimelisikia kwa zaidi ya miaka 30 ya kazi. Niruhusu nilijibu kutoka Tanzania.

Nianze na simu. Simu inampa mwanafunzi maandishi. Haimpi kiti, meza, taa, ukimya, wala saa tatu ambazo hakuna mtu atakayemtuma dukani. Wengi wa waliokuwa wakifika kwangu kila siku walikuja na daftari na kitabu chao wenyewe. Walikuja kutafuta mahali. Tulikuwa tukifungua mlango asubuhi na kukuta foleni ya watahiniwa wa kidato cha nne na cha sita, na viti vilipojaa walikaa sakafuni kando ya rafu. Kwa hiyo jengo ndilo huduma yenyewe. Paa likivuja juu ya chumba cha kusomea, huduma imesimama, hata kama vitabu vyote vimehamishiwa kwenye kompyuta.

Nakumbuka masika ya mwaka mmoja katika maktaba ya mkoa ambayo sitaitaja. Tulikuwa na karatasi za nailoni tulizozikunja chini ya kaunta ya kuazimia. Mawingu yakikusanyika, watumishi wote, hata mlinzi, tuliacha tulichokuwa tukifanya na kufunika rafu za upande wa mashariki. Tuliomba fedha ya bati mara nyingi kwa barua. Siku moja mvua ilinyesha usiku, na asubuhi tulikuta juzuu za magazeti ya zamani zimelowa hadi ndani. Tulizianika uani kwa siku kadhaa, tukizigeuza kurasa moja moja kama watu wanaoanika dagaa, lakini karatasi ya gazeti ikishaloa hushikamana ikawa bonge. Zile juzuu hazikuwa na nakala nyingine mkoani. Thamani ya bati zilizohitajika ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na kile kilichopotea, na mimi hadi leo nikisikia mvua ya usiku huamka.

Sasa kuhusu mawe ya wakoloni. Ni kweli kwamba baadhi ya majengo haya yalijengwa kwa ubaguzi, na historia hiyo isifichwe. Lakini tazama jinsi huduma ya maktaba ilivyozaliwa kwetu. Mwaka 1960 Sydney Hockey aliandika ripoti kuhusu maendeleo ya huduma za maktaba Afrika Mashariki, iliyopendekeza kila nchi iwe na bodi yake ya taifa. Tanganyika huru ilitunga sheria ya bodi hiyo mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Serikali changa, yenye zahanati chache kuliko leo na barabara mbovu kuliko leo, iliamua kwamba maktaba ni sehemu ya Uhuru wenyewe. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1965. Hao walikuwa na mahitaji mengi kuliko sisi na fedha kidogo kuliko sisi, na hawakulazimisha wananchi kuchagua kati ya dawa na kitabu.

Kasoro ya mpango ule, na hili nalisema kwa uchungu kwa kuwa niliutumikia, ni kwamba majengo yalikuwa ya bodi iliyoko mbali, na mji ulioyazunguka haukuona kama ni mali yake. Bomba likipasuka, barua iliandikwa Dar es Salaam. Majibu yalichelewa si kwa ubaya wa watu, bali kwa kuwa fungu la matengenezo lilikuwa moja kwa mikoa yote. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sisi daftari tulikuwa nalo, ila lilikuwa katika mji mwingine.

Mhamiaji wa California

Habari za jioni, wazee wangu. Naishi California, na nadhani yanayotokea huku yanaweza kuwasaidia, kwa sababu hata nchi yenye fedha inahangaika na jambo hili hili.

Huku ujenzi wa maktaba za umma uliwahi kufadhiliwa kwa hatifungani, yaani jimbo linakopa kwa wananchi na wawekezaji na kulipa polepole kwa miaka mingi. Mwezi Machi 2000 wapiga kura waliidhinisha hatifungani za dola milioni 350 kwa maktaba, kupitia hoja iliyoitwa Proposition 14. Utaratibu wake ulikuwa kwamba jimbo linatoa asilimia 65 ya gharama na mji au wilaya inatoa asilimia 35 iliyobaki. Mji usioweza kuonyesha sehemu yake haukupata kitu. Maombi yalikuwa mengi kuliko fedha, ndipo mwaka 2006 wananchi wakaombwa waidhinishe dola milioni 600 nyingine kupitia Proposition 81. Walikataa. Kwa miaka mingi baada ya hapo jimbo halikuwa na mfuko mkubwa wa namna hiyo, na miji maskini ndiyo iliyoumia zaidi.

Mwaka 2021 bajeti ya jimbo ilikuwa na ziada, ikatengwa dola milioni 439 kwa mpango unaosimamiwa na Maktaba ya Jimbo, unaoitwa Building Forward. Ndugu Mkadiria atafurahi kusikia kwamba mpango huo uliweka mbele marekebisho ya usalama wa maisha na matunzo yaliyoahirishwa, kama paa, umeme na mitambo ya hewa, tena katika maeneo yenye kipato cha chini, na miji isiyo na uwezo ilipunguziwa sehemu ya kuchangia. Hilo lilirekebisha dhuluma ya utaratibu wa zamani, kwa sababu ukisema kila mji uchangie asilimia 35, mji tajiri ndio utakaokuwa wa kwanza mlangoni.

Funzo ninaloliona ni la tahadhari. Fedha hizi zote mbili zilikuja kwa mawimbi: miaka ya neema, kisha miaka mingi ya ukame. Jengo haliwezi kusubiri wimbi. Jimbo la Massachusetts limekwenda kwa njia tofauti kidogo. Lina mpango wa kudumu wa ruzuku za ujenzi wa maktaba za umma tangu mwaka 1987, ambapo miji hupanga foleni na mji hujua kwamba zamu yake itafika. Ukijua zamu yako inakuja, unaweza kuanza kuweka akiba ya sehemu yako mapema.

Mlipakodi wa Wadi

Nawashukuru. Mzee Mkutubi, maelezo yako ya magazeti yaliyolowa yamenigusa, na nakubali kwamba simu haitoi kiti. Ninabaki na maswali mawili ya vitendo. Kwanza, hapa Kenya ni nani hasa mwenye majengo haya, serikali kuu au kaunti? Pili, hata Carnegie mwenyewe, je, masharti yake yalifanya kazi?

Mkadiria

Nitaongeza neno moja kabla mleta uzi hajajibu, kwa sababu swali la umiliki linanihusu. Hakuna mkadiria atakayekupa bei ya maana ikiwa hati ya kiwanja haipo. Nimepata kuandaa makadirio ya jengo ambalo baadaye iligundulika kwamba sehemu ya uwanja wake imo ndani ya kiwanja cha mtu mwingine, na mfadhili alijiondoa siku ile ile. Kwa hiyo anayeanza kampeni ya maktaba aanze na ofisi ya ardhi. Ni kazi isiyo na picha nzuri, lakini hugharimu kidogo na huokoa mwaka mzima.

Msomaji wa Banda (mleta uzi)

Ndugu Mlipakodi, nitajibu kwa mpangilio uliouliza.

Kuhusu umiliki, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inataja maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba paa la maktaba ya mtaa ni jukumu la kaunti, na mwananchi anayo haki ya kuidai kaunti. Hili linatoa jibu pia kwa uchungu wa Mzee Mkutubi: barua ya bomba lililopasuka haipaswi tena kwenda mbali. Tatizo ni kwamba jukumu limehama kwa kasi kuliko mali, watumishi na fedha. Kwa jengo lililokuwa chini ya bodi ya taifa kwa miongo kadhaa, makabidhiano si ya siku moja. Kuna hati za ardhi, kuna mishahara, kuna orodha ya vitabu. Katika kipindi hicho cha kungoja, kila upande una sababu ya kusema kwamba mwenzake ndiye mwenye kulipa. Maktaba za Nairobi za McMillan zilikuwa na nafuu hapa, kwa kuwa zilikuwa za Baraza la Jiji tangu zamani, na Book Bunk walijua ni mlango gani wa kubisha.

Kuhusu Carnegie, jibu la kweli ni kwamba masharti yalifanya kazi kwa sehemu. Maktaba nyingi zimesimama hadi leo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini ipo miji iliyotoa ahadi ya asilimia 10 na haikuitimiza, na Shirika halikuwa na nguvu ya kuibana ipasavyo baada ya jengo kukamilika. Mwaka 1916 mchumi Alvin Johnson, aliyetumwa na Shirika kuzitembelea maktaba hizo, alieleza katika ripoti yake kwamba pengo lililokuwepo lilikuwa zaidi la watumishi waliofunzwa kuliko la majengo, na mwaka uliofuata Shirika likaacha kutoa ruzuku mpya za majengo kwa miji ya Marekani. Mimi sioni hili kuwa sababu ya kulitupa sharti. Naliona kuwa sababu ya kulikaza. Azimio la halmashauri linaweza kusahauliwa na halmashauri inayofuata. Sheria ya kaunti yenye mfuko wake, akaunti yake na taarifa yake ya kila mwaka mbele ya bunge la kaunti ni vigumu zaidi kuisahau.

Wapo watakaosema tungoje mfadhili mkubwa. Watazame Kigali. Klabu ya Rotari ya Kigali-Virunga ilianza mwaka 2000 kuchangisha kwa ajili ya maktaba ya umma, na jengo lilifunguliwa mwaka 2012, baada ya serikali kutia mkono wake. Hiyo ni zaidi ya miaka kumi ya harambee, barua na subira. Nawaheshimu sana wale waliovumilia kipindi hicho chote. Lakini mtoto aliyekuwa darasa la kwanza walipoanza alikuwa amemaliza sekondari walipofungua, na ndiyo maana siwezi kukubali kwamba michango ya hiari iwe nguzo ya kwanza. Iwe ya pili, juu ya fungu la kodi ambalo tayari lipo.

Kuna kikwazo kimoja cha kibajeti ambacho wengi hawakioni. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti ielekeze angalau asilimia 30 ya bajeti yake, katika kipindi cha kati, kwenye maendeleo. Nia yake ni njema. Lakini kujenga maktaba mpya huhesabiwa kuwa maendeleo, ilhali kusafisha mifereji na kubadilisha vigae vilivyovunjika huhesabiwa kuwa matumizi ya kawaida, pamoja na mishahara na mafuta ya magari. Basi kiongozi anayetaka sifa ana fungu pana la kuweka jiwe la msingi, na mkutubi anayetaka mtu wa kupanda paani anagombania senti na idara zote. Ndiyo maana napendekeza kwamba kila fungu la maendeleo linaloombwa kwa ajili ya maktaba liambatanishwe, katika ukurasa ule ule, na fungu la matumizi ya kawaida la matunzo kwa kiwango cha chini alichokitaja Ndugu Mkadiria, asilimia 2, na bunge la kaunti lisipitishe la kwanza bila la pili.

Mhamiaji wa California

Na sisi tulio nje tufanye nini? Tuna kikundi chetu cha kuchangiana misiba na harusi, na wengi wangependa kutoa.

Msomaji wa Banda (mleta uzi)

Ndugu yangu, lipieni ripoti ya hali ya jengo. Chagueni maktaba moja, ya mji mliotoka, na mlipe mhandisi, mkadiria na fundi umeme waandike ile karatasi iliyoelezwa hapo juu. Ni kiasi ambacho kikundi kinakimudu, kazi yake huisha kwa wiki chache, na kila mchango utakaofuata, wa serikali au wa mfadhili, utaanzia hapo. Msitume vitabu kwa makontena kabla hamjajua kama sakafu itavibeba na paa litavikinga.

Kwa sisi tulio nyumbani, kalenda ni muhimu kuliko hotuba. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Watu wengi huanza kulalamika mwezi Juni, makadirio yakiwa tayari bungeni, kwa sababu sheria inataka yawe yamewasilishwa huko kufikia tarehe 30 Aprili. Mwelekeo wa matumizi huwa umekwisha kuwekwa katika taarifa ya mkakati wa fedha inayowasilishwa kufikia tarehe 28 Februari. Na kabla ya hiyo kuna mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, na mradi usioonekana humo una kazi kubwa kuingia baadaye. Kwa hiyo anayetaka paa la maktaba yake liwe katika bajeti ya Julai ijayo apeleke hoja yake kwa maandishi, yenye ripoti ya hali ya jengo na nakala ya hati ya kiwanja, mwezi Julai huu au Agosti, amkabidhi mwakilishi wa wadi na karani wa bunge la kaunti, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Ndugu Mlipakodi, kama uko tayari, tuanze na maktaba iliyo karibu na wadi yako. Nitumie ujumbe faraghani, nami nitakuja na ngazi ya kupandia darini.

Mlipakodi wa Wadi

Nimekutumia ujumbe. Hati ya kiwanja nitaiulizia mimi, kwa kuwa ofisi ya ardhi iko njiani kwangu. Jumamosi saa nne asubuhi mkutubi atakuwepo kutufungulia.